Mthamini wa Maganzo na Gemu za Bibi Bhanumati

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Boaz alipima chapati. Aliinyanyua kwa vidole viwili, akafumba jicho la kushoto, akaigeuzageuza kwenye mwanga kama anayetafuta ufa, kisha akatangaza, "Mama Juliana, hii ya leo imepungua. Unatuibia."

Mama alimjibu bila kugeuka kutoka kwenye kikaango, "Iache basi. Wenye njaa wapo."

Hakuiacha hata siku moja. Aliila yote, akaongeza ya pili, ambayo nayo ilikuwa imepungua.

Huyo ndiye Boaz, dalali wa almasi hapa Maganzo. Meza yake ilikuwa kwenye kibaraza cha mgahawa wa mama, na watu walimwita Mthamini. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na kioo cha kukuzia alichokining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, mizani ya betri inayoingia mfukoni, na jina. Wachimbaji walitoka mashimoni na vijiwe vidogo kama punje ya mchele wakavipeleka kwake kwanza. Si kwamba alilipa vizuri, hilo hakuna anayelikumbuka. Ni kwamba bei aliyoitaja Boaz, meza zote za barabarani ziliifuata. Na siku akikosea mbele za watu, meza yake ingebaki ubao wa kuwekea vikombe. Hilo alilijua, na sisi tulilijua.

Kanuni yake ya kazi ilikuwa moja: "Mimi sinunui karatasi." Mchimbaji huleta jiwe limekunjwa kwenye karatasi, na wajanja huchagua ile inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, ili jiwe lipate heshima ambayo halikuzaliwa nayo. Boaz aliifungua, akaifinya, akaitupa chini. Jiwe akalisugua kwa mswaki na sabuni, ndipo akaweka kioo jichoni. Karatasi nilizifagia mimi jioni. Kanuni nzuri sana ile. Ilimlisha miaka ishirini.

Mwezi wa saba ikaja teksi kutoka Kambarage, Shinyanga mjini, na sanduku la bati nyuma. Akashuka bibi Bhanumati, mjane wa Mhindi aliyekuwa na duka la redio na televisheni, pamoja na mjukuu wake Urvi.

"Shikamoo, mama," alisema Boaz, akisimama.

"Marahaba, Boaz. Umenenepa."

"Ni chapati za hapa, mama. Japo zimepungua."

Bibi akakaa, akaeleza. Duka linafungwa. Humo stoo kulikuwa na gemu za televisheni, mashine mbili na kaseti zake arobaini na tatu, ambazo marehemu aliziagiza zamani na hakuna aliyezinunua. Sasa kuna kijana wa Mwanza, Marselino, anayekusanya vitu hivyo vya kale, na anazitaka.

"Mimi sijui bei yake," alisema bibi. "Yeye anajua. Nitadhulumiwa. Mume wangu alikuwa akisema jicho la Boaz halidanganywi. Nitakupa elfu ishirini, uniambie zina thamani gani."

"Mwambie huyo kijana Jumamosi aje hapa hapa, mezani pangu. Mnunuzi akija kwangu, nasema mimi."

Urvi akafungua simu. "Anko Boaz, mtandaoni wanasema zile ambazo bado..."

"Binti, hiyo simu imewahi kuona jiwe?"

Urvi akafunga simu. Lakini kabla hawajaondoka aliinama kwenye sanduku, akahesabu maboksi kwa kidole, moja moja, kwa sauti ndogo. Yalifika thelathini na moja; kaseti nyingine hazikuwa na boksi. Nilikuwa nafuta meza ya jirani.

Masalu, mchimbaji mwenye mdomo mkali kuliko sururu yake, alikuwa anakunywa chai kwa mkopo. "Mthamini, leo michezo ya watoto! Kesho tukuletee mpira wa makaratasi uupime?"

"Cheka tu, Masalu. Jicho ni jicho. Jumamosi njooni wote, mwone."

Wakaambizana. Kufikia Alhamisi hapakuwa na shimo ambalo halijapata habari.

Alhamisi hiyo ndiyo aliyofanya kazi. Nataka nimtendee haki: alifanya kwa bidii ambayo hata mawe hakuyafanyia. Kila boksi lilikuwa limefunikwa nailoni nyembamba ya kiwandani. Akaipasua kwa wembe. Akatoa kaseti, akaweka kando kile kijitabu cha maelezo, akaweka kando boksi. Kaseti akaiweka kwenye mizani, akaandika uzito wake daftarini kwa karati, kama almasi. Akaitazama kwa kioo pande zote sita. Iliyozidi nyingine kwa uzito akaibusu. "Hii ndiyo baba yao."

Kisha akaomba beseni. Akazitumbukiza zote kwenye maji ya sabuni ya unga, akashika mswaki. Zile picha zilizobandikwa juu, za watu wanaoruka na mapanga na magari yanayopaa, zilianza kubabuka.

"Umeona?" aliniambia. "Rangi za kubandika. Za kudanganyia watu."

Akazianika juani kwenye ungo, zikakaa kama dagaa.

"Na haya makaratasi, mayu," alimwambia mama, akisukuma rundo la maboksi kwa mguu, "washia moto. Mimi sinunui karatasi."

Mama alishukuru. Wiki hiyo mkaa ulikuwa umenyeshewa na haukuwa na ushirikiano. Nikabeba rundo hadi jikoni. Nikakumbuka kidole cha Urvi. Mtu hahesabu takataka kwa kidole, tena moja moja namna ile.

"Mama," nilisema, "yule dada aliyahesabu haya."

"Chochea, maji hayachemki."

Na mimi niliyeishia darasa la tano, nani angeniuliza habari za thamani? Nikachochea. Hadi asubuhi ya Jumamosi nilichochea. Yanawaka vizuri sana yale maboksi, hilo sitalificha.

Ijumaa jioni Boaz alitangaza bei kwenye kibaraza, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: laki nane na sitini elfu. Watu wakapiga mluzi. Masalu peke yake akauliza ameipataje. "Uzito, usafi, na jicho," alisema Boaz. Wakakubali, maana ndivyo bei zao zote zilivyopatikana.

Jumamosi kibaraza kilijaa. Marselino alifika na pikipiki, kijana mwembamba wa miwani. Kabla ya kugusa chochote, akatoa glavu nyeupe mfukoni akavaa. Boaz akatukonyeza: mnunuzi anayevaa glavu si mnunuzi wa mchezo. Bibi Bhanumati na Urvi wakasogezewa viti vya mbele. Boaz akavuta kitambaa, kama kwenye ufunguzi wa zahanati.

Zilikuwa pale, arobaini na tatu, nyeupe na kijivu, uchi kabisa, zimepangwa kwa uzito.

"Nimezisafisha," alisema Boaz.

Marselino aliinama. Akainuka. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akatazama tena.

"Maboksi yako wapi?"

"Maboksi gani?"

"Yake, mzee. Na vitabu vyake. Dada hapa alinitumia picha. Thelathini na moja hayajawahi kufunguliwa tangu kiwandani. Nimekuja na milioni kumi na moja."

Boaz akacheka kicheko chake cha kushusha bei. "Kijana, tuelewane. Unanunua gemu, au unanunua boksi?"

"Boksi," alisema Marselino. "Gemu ninazo."

Vichwa, kimoja baada ya kingine, vikageuka kuelekea jikoni, ambako sufuria ilikuwa inachemka kwa furaha. Chai ile nadhani ni ya gharama kuliko chai yoyote iliyowahi kuchemka mkoa wa Shinyanga. Mama aliivuta kanga yake kifuani. Mimi nilitazama vidole vyangu, bado vina masizi.

Marselino aliinua ile baba yao, akaitikisa sikioni. Ilitoa sauti ya maji.

"Laki mbili," alisema. "Zote, na mashine. Kwa sababu ya njia ndefu niliyokuja."

Urvi alianza kusema kitu. Bibi akamshika mkono. "Chukua, baba," alimwambia Marselino. Kisha akafungua pochi, akatoa noti mbili za elfu kumi, akazinyoosha vizuri kwa kidole gumba.

"Ujira wako, Boaz. Tulikubaliana."

"Mama, hapana..."

"Mume wangu hakuwahi kumnyima fundi haki yake."

Akaziweka mezani, lakini pale palipokuwa wazi ni juu ya mizani. Mizani, maana haina haya, ikapima. Karati kumi kasoro kidogo.

Ningefurahi Masalu angecheka. Tungejua pa kuanzia. Hakucheka. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka shimoni na kijiwe, kimekunjwa kwenye karatasi ya sigara, alikuwa anangoja shughuli iishe. Akakipapasa mfukoni, akavuka barabara taratibu, akaenda kusimama kwenye meza ya Stanslaus, dalali mwenzake Boaz.

"Masalu!" aliita Boaz. "Lete hapa tuone."

"Nakuja, Mthamini. Nakuja."

Wawili wengine wakavuka. Kisha mzee mmoja ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumuuzia mtu mwingine, naye akavuka, akajifanya anakwenda kukojoa, akatokea kwa Stanslaus.

Boaz alikaa hadi kibaraza kikabaki na sisi na nzi. Halafu akasimama, akaukung'uta ukosi wa shati.

"Mama Juliana, betri ya mizani imekwisha. Nakwenda kununua."

"Haya, baba Ritha," alisema mama, akimwita kwa jina la mwanawe, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia akimpa.

Mizani ilikuwa inawaka pale mezani, namba zote zinasomeka, na noti juu yake.

Maduka ya betri upande ule yako matatu. Alipita la kwanza. La pili mwenye duka alimsalimia, naye akaitikia bila kugeuza kichwa. La tatu liko karibu na kituo cha mabasi, na hapo nilipanda juu ya benchi ili nione vizuri. Alilipita nalo, anatembea kwa mwendo wake uleule wa kawaida, kioo kinamcheza kifuani. Hajarudi.