Ithungu Mzuia Njia

Siku Blasio alipomwona kwa mara ya kwanza, Ithungu alikuwa akipanda kutoka darajani Mpondwe na madumu manne ya mawese nyuma yake. Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu, kwao Kisinga, ikachukua miguu na nguvu ya mgongo. Alipokua alipata baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono, akawa anawavushia wafanyabiashara mizigo yao mpakani. Blasio alikuwa mwanajeshi mstaafu, kocha wa timu ya Kasese ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Alikuja kununua vitenge tu, lakini alisimama akamtazama hadi akafika juu.

"Nani iko nasukuma wewe?" akauliza.

"Hakuna mutu, afande. Ni mikono."

"Jumamosi, saa tatu, Kasese. Nitakupa kiti."

"Kiti ya kukaa iko nyumbani."

"Hii ni ya kukimbia. Usichelewe!"

Ithungu alicheka njia nzima, lakini Jumamosi alikwenda. Siku hiyo alianguka mara tatu. Kiti kilikuwa chepesi, kikigeuka kabla hajaamua. Kasi aliipata upesi. Kilichomshinda ni kufunga. Mgongo haukuweza kumshikilia anyooshe mikono juu, na mpira wake ulifia chini ya pete kila mara.

Blasio akamweleza sheria. Kila mchezaji hupewa pointi kulingana na uwezo wa mwili wake, mwenye uwezo mdogo hupewa chache, na jumla ya watano walio uwanjani hairuhusiwi kuzidi pointi kumi na nne. Ithungu alipewa moja. Jamidah, binti wa dereva wa malori, alikuwa amepoteza mguu mmoja katika ajali ya bodaboda; yeye alikuwa na nne na nusu, na ndiye mfungaji wao.

"Kwa hiyo mimi niko ya kujaza hesabu," Ithungu alisema.

Blasio hakubishana naye. "Toka inje. Kaa, angalia."

Akamwingiza mwingine mahali pake. Kila Jamidah aliposhika mpira, viti vitatu vilimzingira. Baada ya dakika kumi alikuja pembeni jasho likimtiririka. "Afande, rudisha dada Ithungu. Bila yeye mimi sipiti!"

Hapo Ithungu alielewa kazi yake: kuliweka gurudumu lake mbele ya adui, sentimita chache tu, kwa wakati wake, ili njia imfungukie Jamidah. Aliifanya kwa miaka mitano Kasese, kisha akaitwa timu ya taifa, yeye na Jamidah pamoja.

Miaka miwili baadaye, katika nusu fainali ya mashindano yaliyofanyika Nairobi, walikuwa nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache. Mlinzi mmoja mrefu wa upande wa pili alikuwa amemkaba Jamidah mchezo mzima. Ithungu alimwona mlinzi huyo anageuka, akatangulia, akakikaza kiti chake njiani. Yule akamgonga kwa nguvu zote. Kiti kilipinduka, kidole chake kikavunjika, akajikuta anatazama taa za dari. Hakuona mpira wa Jamidah ukiingia. Alisikia ukumbi ukilipuka kwa shangwe, kisha uso wa Jamidah ukamwinamia, machozi na kicheko pamoja, akimvuta ainuke.

Nyumbani mama yake, Biira, alimwandalia kuku. "Haya, ulifunga mangapi?"

"Hakuna, mama."

"Hata moja? Tangu uanze?"

"Mawili, kwa miaka saba."

Mama aliinamisha macho kwa aibu ya mwanawe. Ithungu akachukua vikombe, akavipanga mkekani. Hiki Jamidah, hiki yule mrefu, hiki mimi. Akavisogeza polepole. Biira alitazama, akavirudisha mwanzo, akavisogeza tena yeye mwenyewe.

"Kumbe ni wewe uliyemzuia huyu!"

"Ni mimi."

"Sasa mbona unasema hakuna?"

Kesho yake Biira aliwaonyesha wenzake sokoni Bwera mchezo ule kwa kutumia nyanya.

Ithungu bado anacheza, na mwaka huu amechaguliwa nahodha. Asubuhi za mazoezi hufika Kasese kabla ya wote, hukaza boliti za kiti chake, hupaka mikono vumbi la chaki, kisha huzunguka uwanja peke yake mara ishirini, taratibu, akisikiliza magurudumu.