Siku Lango la Shamba Lilipofunguliwa

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili niliishi Hyattsville, mji wa jimbo la Maryland, nikifanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Mmoja wao alikuwa mama wa miaka themanini na ushee, wa kabila la wenyeji waliokuwa Maryland kabla ya Wazungu kufika. Nilimwita kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, naye akalipenda jina hilo.

Jumamosi moja, miti ikianza kuchipua, mzee wa Kizungu aligonga mlango, kofia mkononi. Kogo alimtambua mara moja. Baba wa mzee huyo ndiye aliyezungushia uzio ukingo wa mto walikozikwa watu wa kogo, akawa anamfukuza kogo na jamaa zake kila walipokwenda kusafisha makaburi.

"Baba alikufa zamani," mzee akasema. "Shamba ni langu sasa. Nimekuletea ufunguo wa lango. Na nimekuja kuomba msamaha."

Kogo akanyoosha mkono, akautwaa. Kisha akasema, "Ufunguo naupokea. Huo msamaha, ngoja kwanza."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Hakujitetea.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kogo huko, nikisukuma kiti chake cha magurudumu juu ya nyasi mbichi. Mzee alikuwa ametufyekea njia, lakini yeye mwenyewe akabaki nje ya lango. Kogo aliongea na watu wake kwa sauti ya chini, akawawekea tumbaku kidogo juu ya mawe ya makaburi, kama ilivyo desturi yao. Mimi nikang'oa magugu huku nikimfikiria babu yangu, aliyehamishwa na Wazungu huko kwetu kutoka ardhi ambayo leo ni mashamba ya chai tupu, na ambaye hakuna aliyewahi kumgongea mlango. Nilidhani ningeona uchungu. Badala yake nilifurahi kwamba kuna mahali jambo hili limewezekana, nami nipo, naliona.

Tulipomaliza, kogo akaniambia, "Mwite. Amesimama juani vya kutosha."

Akaja, tukaketi kula kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi tuliokuja nao. Mzee akaona jiwe moja limeinama, akauliza kama angeruhusiwa kulisimamisha.

"Uliza kwanza ni la nani," kogo akamwambia.

Akauliza. Kogo akaanza kutusimulia habari za shangazi yake, mwenye jiwe hilo, mwanamke aliyekuwa haishi kucheka hata kanisani, na tulipoondoka jioni ile alikuwa bado anasimulia.