Mzigo wa Jenerali

Mama yangu alikuwa na swali moja tu, ndiyo maana nikampeleka kwenye ukumbi wa maktaba, hapa Croydon, Uingereza. Mzee mmoja wa Kiingereza alikuwa akisimulia habari za yule jenerali wa Kijerumani aliyepigana kwetu katika vita vya kwanza vya dunia. Babu yake mama alikamatwa na askari wa jenerali huyo karibu na Masasi, akabebeshwa mzigo, asirudi tena. Kila mwaka tunamsomea hitma, na kaburi lake hatulijui.

Mzee alimsifu jenerali mpaka damu ikanichemka. Eti hakushindwa hata mara moja. Eti aliwazungusha Waingereza porini mpaka vita vikaisha. Mzee alijua hata chakula alichokipenda jenerali. Kisha akaonyesha picha ya wapagazi, safu ndefu, masanduku kichwani, akaipita upesi. Atashindwaje, ikiwa wa kubeba na kufa ni babu za wenzake? Tumezoea kusema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi gani hizo zenye wake na watoto?

Mama akanyoosha mkono, nami nikamtafsiria: wapagazi waliokufa njiani walizikwa wapi? Mzee akajikuna kidevu, akajibu kwa upole kwamba hayo hayakuandikwa. Watu wakampigia makofi, wakaenda kunywa chai.

Tulipotoka tukamkuta mzee mlangoni, amelemewa na sanduku la vitabu. Kwetu mtu mwenye mzigo hasalimiwi kwanza. Hupokewa mzigo wake, ndipo salamu zifuate. Mama, na magoti yake yale mabovu, akamwendea na kulichukua. Nikamwambia aliache, huyu hastahili. Hakunisikiliza. Alilibeba mpaka kwenye gari, akalitua taratibu. Mzee akashukuru sana, akasema siku zote amesikia kwamba watu wa kwetu ni wakarimu. Nilitamani kumrudishia sanduku lake kichwani.

Mama akanigeukia.

"Mwambie mimi nimempokea," alisema. "Babu yangu alipokewa na nani?"

Nikamtafsiria neno kwa neno, bila kulainisha. Mzee akabaki ameshika funguo za gari. Tramu ikapita kwenye reli zake nyuma yetu, na mama bado amesimama mbele yake, anangoja jibu.