Shemeki Rolly na Rangi ya Maji

Siku Rolly alipokuja kusimama chini ya ngazi yangu, nilijua maji yamemfika shingoni. Nilikuwa napaka ukuta wa nyumba moja hapa Kikula, mjini Likasi, na yeye si mtu wa kusimama karibu na kazi yangu. Ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo Aimée, na kwa miaka thelathini ameniita Chokaa. Anajua vizuri kwamba naitwa Théophile. Anapenda tu kunichokoza.

Rolly ni fundi wa kupulizia rangi magari. Karakana yake iko kando ya barabara, mabati huku na turubai kule, na tangu asubuhi harufu ya diluant, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, inafika mpaka kwa jirani wa tatu. Watu wanamletea magari kutoka Kakanda na hata mbali zaidi, kwa sababu ana jicho. Mpe gari lenye mlango uliogongwa. Atauangalia, atachanganya rangi bila mashine wala karatasi, na ukirudi hutajua ni mlango upi ulioumia. Nimemwona mwenye gari akilizunguka gari lake mara mbili akitafuta. Haya nayasema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nataka kumsifu.

Mimi napaka nyumba. Nilianza na chokaa ya Kakontwe, ndoo na brashi, na sioni aibu yoyote, maana nusu ya kuta za mtaa huu zimepita mikononi mwangu. Siku hizi natumia rangi nzuri za maji, napaka milango vanishi, naandika majina ya maduka. Kwa Rolly yote hiyo ni chokaa. Nikipita mbele ya karakana yake na ndoo yangu, anawaambia wateja wasogee wasije wakapakwa. Rangi inayokorogwa kwa maji, anasema, si rangi, ni uji.

Basi siku hiyo aliniita shemeki, yaani shemeji, tena kwa sauti ya chini. Aliuliza habari za mke wangu, akauliza habari za mvua, akausifu ukuta. Hapo ndipo nilipoogopa, nikashuka. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua taratibu. Ndani mlikuwa na kipande cha plastiki kisichozidi kijiko, kimejikunja juu kama utando wa maziwa yaliyopoa.

"Nilipulizia kidogo tu," alisema. "Ikayeyuka mbele ya macho yangu."

Kile kipande kilikuwa boneti ya gari dogo. Arielle, binti yao anayesoma Lubumbashi, alikuwa amekuta boksi kwenye meza ya vitu vilivyotumika vya Ulaya, na ndani yake gari la plastiki la kuunganisha kipande kwa kipande. Lilikuwa Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa mviringo tunayoiita Coccinelle. Hakulinunua kwa mchezo. Alijua baba yake atalihitaji.

Siku ya ndoa yao, Aimée alitoka kanisani ndani ya Coccinelle ya mteja mmoja wa Rolly. Rolly mwenyewe ndiye aliyeipaka wiki ile, kwa mabaki ya makopo matano au sita, ikatoka rangi ambayo hakuipata tena, kijani chenye buluu ndani yake. Mwenye gari alifurahi akawaazima siku nzima. Mpiga picha alipiga picha nyingi, kisha jioni akafungua kamera kabla ya kuirudisha filamu kwenye mkebe wake. Mwanga ukaingia, picha zote zikaungua. Mpaka leo dada yangu hana hata picha moja ya ndoa yake. Wenzake wakifungua albamu zao, yeye huinuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Halalamiki, lakini mimi nimekua naye, naona.

Kilichobaki cha siku ile ni sanduku la bati. Rolly alilipaka kwa rangi iliyosalia kwenye kopo, akampa Aimée aweke vitenge vyake, na mpaka sasa liko chumbani kwao. Sasa Jumapili ya mwisho wa mwezi ilikuwa misa yao ya shukrani ya miaka thelathini, na Rolly alitaka kumpa mkewe ile Coccinelle, ndogo ya kuweka mezani, kwa rangi yake ileile. Boksi lilikuwa moja tu. Zilibaki siku kumi na mbili, na boneti ilikuwa imeshaharibika.

Ningeweza kujizuia kucheka. Sikujizuia. Nilicheka mpaka nikashika ngazi. Yeye alingoja nimalize, na huko kungoja kwake ndiko kulikonigusa.

"Minye sijue kintu juu ya hii plastiki," alisema kwa Kiswahili chetu cha mtaani. "Unisaidie, shemeki. Ni juu ya Aimée."

Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi ilitaja rangi kwa namba, namba za vikopo vinavyouzwa huko Ulaya, na Arielle alikuwa amezunguka madukani Lubumbashi asivione. Kwa hiyo ilitubidi tuchague katika vitu vinavyopatikana Likasi. Nilimwambia jambo ambalo kila anayejifunza kwangu hulisikia siku ya kwanza: hupaki ukuta wa mtu kabla ya kujaribu kwenye kona. Vipande vya lile gari vilikuja vimeshikiliwa na fremu ya plastiki hiyohiyo, ambayo huna kazi nayo ukishavikata. Fremu ndiyo kona yetu. Nikamwuliza iko wapi, akaangalia chini. Alikuwa ameitupa. Alikwenda kuichimbua kwenye takataka kwa mikono miwili, fundi mkubwa mzima, na mimi nikasimama pembeni kumtia moyo kwa maneno.

Tulifanyia kazi kwenye baraza langu, ili Aimée asijue. Rolly alisisitiza turudie kwanza rangi yake ya magari, safari hii na diluant kidogo. Ikaila fremu. Kisha akatoa kichupa cha rangi ya kucha cha Arielle, akanionyesha jinsi kilivyo na brashi yake ndani, kana kwamba yeye ndiye aliyekibuni. Ilipendeza kwa dakika moja, nayo ikaanza kuila plastiki. Rangi ya mafuta ninayopaka mageti haikula kitu, ila ilikuwa nzito, ingefunika mistari yote ya milango, na siku ya tatu bado ilikuwa inanata kidoleni. Rangi ya watoto wa shule ilikimbia juu ya plastiki, ilipokauka ikapasuka na kudondoka yenyewe. Katikati ya haya yote, ndoo yangu ya rangi ya maji ilikuwa palepale karibu na mguu wake. Aliiona. Alijifanya haoni.

Mwishoni alisema, haya, lete uji wako.

Niliosha kipande cha fremu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu plastiki ya kiwandani hutoka na mafuta, na rangi ya maji haishiki penye mafuta. Nikachukua vijiko viwili vya rangi nyeupe ya ukutani, ile nzuri, nikaongeza maji kidogo, nikaichuja kwa soksi ndefu ya zamani ya mke wangu, nikapaka kwa brashi nyembamba ninayoandikia majina ya maduka. Mkono wa kwanza wa rangi ulikuwa mbaya, plastiki ilionekana chini yake. Rolly akachukua brashi apake wa pili papo hapo. Nikamnyang'anya brashi. Kesho, nilimwambia. Alishangaa sana. Rangi yake hukauka mtu akinywa chai. Kesho yake tukapaka mkono wa pili, akataka wa tatu, nikasema kesho. Nilimwambia Rolly kesho siku tatu mfululizo, na sidhani nimewahi kufurahia kazi kiasi hicho.

Siku ya nne aliikwaruza fremu kwa ukucha. Rangi ilikaa. Haikula kitu, haikuficha mistari. Aliigeuza huku na huku, akauliza kama soksi lazima iwe ya mwanamke. Kwake hiyo ni pongezi.

Na nisiwe mchoyo. Boneti ile mimi nilikuwa nimeikatia tamaa. Yeye alichanganya mastiki kidogo ya magari, ile ya kuzibia palipobonyea, akaijaribu kwenye fremu bila kuambiwa, akaipaka boneti kwa ncha ya wembe, kisha akasugua kwa msasa laini uliolowa maji, taratibu, mpaka ikarudi kuwa boneti. Vidole vyake ni vinene, sijui vinajuaje.

Tulipogombana ni kwenye rangi yenyewe. Nina vitubu vya rangi ya kukolezea, nyeusi, buluu, njano, nyekundu, tunavyotia katika nyeupe ya ukutani. Rolly alichanganya bila kuuliza. Kijani hicho anacho kichwani, alisema, hata akiwa usingizini. Kikatoka kijani kilichopauka, kama jani lenye vumbi. Nikamwambia sicho. Mimi nilikuwa mlangoni pa kanisa siku ile, na gari lile lilikuwa na rangi ya kukufanya usimame. Akaniambia mtu wa chokaa hawezi kumfundisha yeye kijani. Damu ikanipanda. Nilimwambia achukue gari lake na mdomo wake aende, na alifika mpaka getini.

Hapo nikakumbuka kitu cha kazi yangu. Mtu akitaka nimrudishie ukuta wake rangi ya zamani, siangalii ukuta, kwa sababu jua limeshakula. Nasogeza kabati, naangalia nyuma yake. Nikamwita Rolly, nikamwuliza: lile sanduku la Aimée, ulilipaka na ndani?

Alikasirika upya. Alitaka kujua namchukulia kuwa fundi wa namna gani. Bila shaka alilipaka ndani.

Alhamisi jioni Aimée alipokwenda mazoezi ya kwaya, tuliingia chumbani kama wezi, watu wazima wawili wenye wajukuu. Sanduku kwa nje lilikuwa kijani kilichopauka, kilekile cha Rolly. Alifungua mfuniko. Ndani mlikuwa na rangi yote ya ile Coccinelle, kijani kizito chenye buluu, kama ilivyokuwa mlangoni pa kanisa. Rolly alikaa kitandani. Mimi sikumcheka.

"Nilisahabu," alisema. "Jicho yangu ilizobelea ile ya inje."

Nilimwonea huruma, nasema wazi. Lakini tulipokuwa tena barazani kwangu, jicho lake lilirudi. Tone la buluu, tone la njano, nyeusi kidogo mno kwenye ncha ya kijiti, na kabla ya nusu saa alikuwa ameipata. Mimi ingenichukua siku mbili, na pengine ningekosea. Nyeupe tulikuwa tumeshaipaka siku zilizotangulia, na gari limeshaunganishwa, kwa hiyo Ijumaa mkono mmoja wa kijani ulitosha. Jumamosi, kwa kuwa rangi ya ukutani haing'ai na Rolly hawezi kutoa gari lisilong'aa, tulilipitishia vanishi yangu ya maji ya milango, baada ya kuijaribu kwenye fremu. Safari hii yeye ndiye aliyesema tusiguse mpaka kesho.

Jumapili baada ya misa uani kwao palijaa watu, bukari, yaani ugali, samaki wa Kapolowe, na kinywaji cha munkoyo kwenye madumu. Rolly alikuwa ameliweka gari mezani na kulifunika kwa bakuli. Alipofunua, dada yangu aliangalia, akaweka sahani yake chini, akaingia ndani ya nyumba. Rolly alinitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeharibu gari la mtu.

Aimée akarudi na Arielle, wamebeba sanduku. Wakaliweka juu ya benchi. Akachukua gari, akaliweka karibu na ubavu wa sanduku, na kila mtu aliona kwamba rangi hazifanani. Mama mmoja nyuma yangu alisikitika kwa sauti. Ndipo Aimée akafungua mfuniko, akaliweka gari ndani, na hukuweza kuona gari linaishia wapi na sanduku linaanzia wapi.

"Hii njo yenyewe," alisema. "Bengine banaonaka ya inje tu. Minye nafungulaka hii sanduku kila asubui."

Rolly alikaa chini. Alikuwa anacheka na kufuta macho kwa mkono uleule. Aimée akamwuliza nani alimwambia aangalie ndani.

Wateja wake watatu walikuwa pale, pamoja na vijana wote wa karakana, na nilijua atakwepa, mimi pia ningekwepa. Rolly akasimama.

"Ni yaya yako," alisema, akininyooshea kidole mimi, kaka yake mkubwa. "Na hii peinture ni ya mayi. Yeye njo alinifundisha."

Miaka thelathini nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia siku hiyo ikifika, na nilikuwa nayo mengi, mengine makali. Badala yake nilijimiminia munkoyo nikanywa, na vijana wa karakana, Rolly alipowatajia soksi, wakaanza kuniuliza habari zake.

Gari halikurudi mezani. Aimée aliliacha ndani ya sanduku, juu ya vitenge vyake, na mfuniko ukabaki wazi mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka.