Kibao cha Shaba Kwenye Nyumba ya Babu

Wakuu, mmewahi kulala kwenye nyumba ya kawaida mkaamka kwenye nyumba ya kihistoria?

Mimi imenikuta.

Natoka asubuhi kufungua chumba changu cha cherehani, naona kibao cha shaba ukutani. "JENGO LA KIHISTORIA. NI MARUFUKU KULIBOMOA."

Makubwa haya. Jana hakikuwepo.

Tunakaa barabara kuu, hii ya mlimani iliyoachwa na wakoloni. Juu yetu kuna mahakama ya zamani, chini yetu posta ya zamani na kanisa la mawe. Majengo yote hayo yana vibao. Letu lilikuwa ghala la mbolea tu, marehemu babu akalinunua akaligeuza nyumba.

Sasa shida ilikuwa hii. Mwenye kauli ya mwisho kwenye nyumba ni baba mdogo, na alishasema anauza. Mnunuzi abomoe, ajenge hoteli. Mimi na mama yangu mjane tulipewa mpaka mwisho wa mwezi tuwe tumehama. Silali, sili. Nilimshonea mteja suruali, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Mnunuzi akaja siku hiyohiyo kupima kiwanja. Akasoma kibao, akakunja futi yake, akaondoka bila kuaga.

Nilitaka kucheka ila roho ilikuwa juu juu. Nani kakiweka? Nikambana mama jikoni. Akaapa si yeye, kisha akaniuliza kama ni mimi.

Baba mdogo alipokuja na wanawe wawili, yeye ndiye aliyefoka kuliko wote. Akamkazia mama macho, akasema humu ndani kuna watu wana ujanja wa sungura. Mama akalia. Nilimchukia yule mzee, wallahi.

Huku nyuma mwongoza watalii mmoja, tunamwita Redio, keshapata stori. Akitoka mahakamani anawasimamisha wageni kwetu, anawaambia gavana aliumwa malaria humu. Chumbani kwangu! Mgeni mmoja akapiga picha cherehani niliyonunua juzi tu.

Maneno yakafika ofisini. Akaja ofisa wa mambo ya kale, akatuita ukoo mzima kibarazani. Akasema idara yake haijawahi kuweka kibao pale, na kughushi kibao cha serikali ni kesi. Akauliza, anayeishi humu ni nani?

Mama akainuka.

"Muache shemeji yangu," baba mdogo akasema. "Ni mimi."

Wanawe wakageuka kumtazama.

Kumbe alikichongesha kwa fundi wa vibao vya makaburini. Hakutaka kuuza hata siku moja, alizaliwa humo. Ila vijana walimbana auze awape mtaji, naye akaogopa kuwakatalia. Akaona bora ukuta ukatae kwa niaba yake.

Ofisa akashusha pumzi. "Mzee, kama hutaki kuuza, si useme tu?"

Baba mdogo akawageukia wanawe. "Siuzi."

Ofisa akang'oa kibao, akaondoka nacho, akamwachia mzee onyo kali.

Hatujahama. Wale vijana hawamsalimii baba yao mpaka leo. Anakuja kukaa kwangu nikishona, na mama anamletea chai.

Ndugu zangu, kama una hapana yako, itoe mapema. Ya baba mdogo ilichelewa, na mama yangu nusura aende kuilalia mahabusu.