Kiganja Juu ya Groenland

Mwalimu wa jiografia hakuiacha ramani yake shuleni hata siku moja. Aliichora mwenyewe kwa wino wa buluu, maana tangu ambargo, vikwazo vya nchi jirani, ianze vitabu havikuingia tena nchini, na kila asubuhi aliibeba kwapani, imeviringishwa kama bomba. Joëlla, jirani yake wa mtaa wa Mutanga Sud, alivijua vidole vyake vikavu, vyeupe kwa chaki. Kila mwalimu alipoifungua ramani, kiganja kilikimbilia Groenland, kisiwa cha barafu kilichotoka kikubwa kama Afrika, akakifunika: "Huyu anajikuza bure." Siku ile walifika pamoja kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani, na askari akaliona bomba kabla ya kuwaona wao.

"We! Iyo ni nini?"

"Karte ya dunia, chef." Akaikunjua polepole juu ya magunia ya mchanga, kiganja palepale pa siku zote.

"Burundi iko wapi?"

Mwalimu akaweka kidole. Askari akainama, kisha akainuka na bunduki yake. "Njo hii tu? Unatuzarau?"



"Apana, chef. Dunia ni mviringo. Ukitaka ilale ku karatasi, lazima uivute. Wale wa juu wanavutwa sana, wanakuwa wakubwa ya uongo. Sisi wa hapa katikati hatukuvutwa. Tuko kipimo yetu." Sauti ileile ya darasani, haikukwama hata kwenye neno moja.

Askari akaitazama tena ramani. Akacheka kidogo. "Pita, Prof."

Joëlla akamsaidia kuiviringisha, na hapo ndipo alipoona: kidole cha mwalimu kimelowa jasho, buluu tupu, na pale palipokuwa Burundi pamebaki doa.