Springi za Pikapu ya Bi Zainabu

Siku yangu ya kwanza gereji nilitarajia spana, nikapewa brashi ya waya. Fundi Mkuu, Mhindi wa kilemba asiyependa maneno mengi, alinionyesha rundo la vyuma vyenye kutu, akaniambia nikwangue mpaka ving'ae. Hiyo ilikuwa Nakuru ya miaka ya hamsini. Nilikuwa tayari nina mke, nimeacha kukamua ng'ombe wa setla mmoja wa kizungu kule Dundori, na nyumbani walidhani nimepotea njia.

Gari lililonifanya fundi lilikuwa pikapu ya Bi Zainabu, mjane wa hapo mjini aliyenunua viazi mashambani Dundori na kuviuza sokoni. Siku moja, mteremkoni, springi ya nyuma ya kushoto ilikatika. Ekseli ikahama, gari likavutwa upande, na Juma, dereva wake, akafaulu kulisimamisha ukingoni mwa korongo. Juma aliapa hataliendesha tena likiwa na mzigo. Shemeji zake Bi Zainabu wakamshauri aliuze kama vyuma chakavu, arudi kwao Mombasa.

Alikuja gereji kuuliza kama linatengenezeka. Msimamizi, mzungu aliyekaa ofisini, alisema halifai kitu. Fundi Mkuu akazunguka nyuma, akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu.

"Iko kazi," akasema. Kisha akanielekeza kidole. "Huyu atafanya."

Vijana wa sasa mna mashine za kuinua gari zima. Sisi tulizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, tukapiga jeki nyuma, tukaegemeza fremu juu ya magogo. Nilipotaka kufungua yubolti, zile bolti zilizopinda kama U zinazobana springi na ekseli, Fundi Mkuu alinishika mkono.

"Hapana fungua kwanza. Springi iko na hasira. Toa uzito, halafu fungua."

Springi za wakati huo zilikuwa vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, tukaviita majani. Jani kuu ndilo refu, lenye macho mawili ya kupitisha pini. Hilo ndilo lililokatika, na jipya halikupatikana mjini. Nilitafuta kwenye lori bovu jani la upana uleule, mhunzi akalikata, akalipasha moto na kulikunja upya. Nilibadilisha bushi, yale mapete yanayoizunguka pini, nikapaka grisi kati ya majani, nikakaza yubolti kwa kupokezana pande, kisha nikamaliza kukaza pini gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Springi ya kulia pia niliishusha na kuijenga upya, maana gari halitembei sawa kwa mguu mmoja mpya.

Bi Zainabu alipokuja kulichukua, Juma alisimama mbali, mikono mfukoni. Bi Zainabu akaniuliza, kwa upole, "Mwanangu, wewe mwenyewe utapanda?"

Nikasema nitapanda. Juma akakubali kulipeleka tupu mpaka Dundori, tukajaza magunia, nami nikakaa juu yake. Nilimwona Fundi Mkuu, aliyetufuata kwa gari la gereji, akishuka na kupanda juu ya magunia, akaketi kando yangu na kilemba chake safi juu ya viazi vyenye udongo. Juma, aliyekuwa ameshuka na kusimama kando, alipomwona akaingia nyuma ya usukani.

Tuliteremka polepole. Springi zililia kidogo, zikatulia. Chini kabisa Juma alisimamisha gari, akaja nyuma, akanipa mkono. Nikalala chini ya gari na kukaza yubolti tena, kwa kuwa mzigo wa kwanza huzilegeza.

Baadaye nilipelekwa Gilgil, kuangalia malori ya shamba kubwa chini ya Meneja aliyeniita fundi tangu siku ya kwanza. Nilifanya kazi huko mpaka Uhuru ukatukuta, kisha nikarudi Nakuru kufungua gereji yangu hapa mtaa wa Free Area.

Nimestaafu sasa, ingawa mikono haijakubali. Gereji anaiendesha binti yangu Ruth. Wakati ule hata mimi ningemcheka mtu akiniambia hivyo. Juzi ililetwa pikapu ya zamani yenye springi za majani, nikajipenyeza chini yake kuonyesha kazi. Ruth akainama akanishika bega.

"Toka mzee. Hapo sasa ni pangu."

Nikatazama magogo aliyoegemezea fremu. Alikuwa ameyapanga vizuri. Nikatoka.